Msimamizi Asiyekesha

Springi alifanya kosa moja tu jioni ile: aliingia nyumbani akipiga mluzi.

Mwanamume mwingine akiingia kwake akipiga mluzi, mkewe atatabasamu au atamwambia apunguze kelele, basi. Kwa Springi, nyumba nzima ilikaa chonjo. Mama mkwe, aliyekuwa akichambua maharage sebuleni, aliacha mkono hewani. Binti wa Springi, ambaye kila mtu alimwita Nukta kwa kuwa alizaliwa mdogo na akakataa kukua, alipunguza sauti ya redio. Mkewe alichungulia kutoka jikoni, na kitu cha kwanza alichokitazama hakikuwa uso wa mumewe. Ulikuwa mfuko alioubeba.

"Umenunua nini, Baba Nukta?"

"Keki."

"Keki ya nini?"

"Ya kula, mke wangu. Keki ina kazi nyingine?"

Hakuna aliyecheka. Springi akauweka mfuko mezani, akasugua viganja vyake vilivyojaa gundi iliyokauka. "Kaeni basi niwaambie. Leo Tajiri kaniita pembeni." Tajiri ndivyo mafundi walivyomwita mwenye karakana ya makochi. "Anafungua karakana ya pili, nyuma ya soko. Anataka mimi niisimamie. Mimi, Mama Nukta. Niwe na mafundi wangu na funguo zangu."

Lilikuwa jambo la kweli, neno kwa neno. Balaa lake ni kwamba miaka michache nyuma alisimama papo hapo, na mluzi na mfuko vile vile, akatangaza kiwanda. Kiwanda hakikuwepo ila kichwani mwake. Kochi la sebuleni, alilolibomoa kabla hakujapambazuka ili awatengenezee jipya la kifalme, mpaka leo halikuwa na mgongo, na mama mkwe alilikalia kwa kuegemea ukuta. Ndipo walipojifunza neno la hospitali, baipola, ambalo mama mkwe alilitamka kama jina la dawa ya mbu. Kuna majira mtu anapanda: halali, ananunua, anaahidi, anaongea mpaka mate yanamkauka. Kuna majira anashuka, na kuvua viatu tu ni kazi ya siku nzima. Vidonge vilisaidia. Halafu muuguzi wa kliniki, mwanamke mkavu asiyependa maneno mengi, akamwongezea dawa isiyouzwa dukani: lala saa ile ile, amka saa ile ile, kula kwa wakati, tembea jioni, na usikeshe hata kwa msiba. Springi aliishika ratiba hiyo kwa mikono miwili na meno.

"Jana ulilala?" mkewe aliuliza.

"Nililala kando yako. Si wewe unayesema nakoroma kama jenereta?"

"Nauliza tu."

"Na hicho kiwanda kiko wapi, mwanangu?" mama mkwe aliuliza, kwa ile sauti ya taratibu ambayo watu humsemeshea mtoto aliyeshika kisu.

"Si kiwanda, Mama. Ni karakana. Ipo, ina mlango, nimeugusa."

Mkewe akaingia chumbani. Springi akasikia kikopo cha vidonge kikitikiswa. Alijua anaangalia kama vimepungua inavyotakiwa, na vilikuwa vimepungua inavyotakiwa. Iliuma, hebu tuseme wazi. Mtu kaletewa habari bora ya maisha yake, na watu wake wanamtazama kama sufuria ya maziwa jikoni, kila mmoja na kitambaa mkononi akingoja ifurike.

Nukta peke yake alikata kipande cha keki. "Hongera, Baba," alinong'ona, akala huku akimwangalia bibi yake kwa pembe ya jicho.

Springi alifanya mambo yake kama kawaida. Alizunguka uwanja wa mpira akirudi jasho limemtoka kidogo, akaoga, akala, akameza kidonge, na saa tatu ilipogonga alikuwa kitandani. Haukupita muda jenereta likawaka. Lakini hofu haina masikio. Mama Nukta alitoka uani na simu, akampigia shemeji yake.

"Shemeji, naona kaanza tena," alisema kwa sauti ya chini. "Ana furaha."

Karakana ilikuwa banda refu la mabati, lenye harufu ya gundi na mbao mbichi na vumbi la sponji linaloelea kwenye miali ya jua. Asubuhi Springi alikuwa amepiga goti mbele ya kiti, akivuta kitambaa kwa mkono mmoja na kupigilia kwa mwingine, misumari midogo ikiwa imebanwa midomoni, gari la kaka yake liliposimama mlangoni.

Kaka Mkubwa alikuwa dereva wa pikapu ya kubeba mizigo. Maisha yake yote ameongea akishindana na injini, na hakuwahi kujifunza kunong'ona.

"Tajiri, habari za kazi. Mimi ndiye kaka yake huyu. Nimekuja kuuliza, hiyo karakana mpya ipo kweli au ni mambo yake ya kichwani? Maana ana maradhi huyu. Safari iliyopita tulimfunga kamba kwenye gari hili hili tukampeleka hospitali."

Nyundo zikanyamaza. Mrefu, fundi wa siku nyingi kuliko wote, alitoa macho. Kijana wa gundi aliacha brashi ikitiririka juu ya kiatu chake. Springi alitema misumari kiganjani akabaki ameitazama, maana hakukuwa na mahali pengine pa kutazama.

"Karakana ipo," Tajiri akasema.

"Ipo?"

"Ipo. Mimi mwenyewe nimemwambia."

Kaka Mkubwa akameza mate. Alimtazama mdogo wake, akaitazama pikapu, akawatazama mafundi. "Basi samahani jamani," alisema. "Sisi tulidhani ana furaha ya bure." Akaondoka. Uharibifu alikuwa ameshaumaliza.

Ofisi ya Tajiri ilikuwa meza na viti viwili nyuma ya marobota ya sponji. Alimwashiria Springi akae.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniajiri?"

Tajiri alikuwa mtu mkweli, kwa kipimo cha matajiri. "Sijui," alisema.

"Tangu nije hapa, siku gani umenikosa kazini?"

"Hata moja. Lakini pia sijakuona ukikesha. Tukianza kukesha wewe unaaga. Nilidhani unamwogopa mkeo, nikasema haya, si wewe peke yako." Akavuta pumzi. "Springi, unajua desturi yetu. Wiki ya kukabidhi kazi kubwa tunakesha, na msimamizi ndiye wa mwisho kulala. Ndivyo nilivyofundishwa na aliyenifundisha. Jumamosi hii tunakabidhi viti vya ukumbi wa mikutano, ukumbi mzima. Nilitaka wewe uwasimamie ndiyo uanze kuzoea. Utakesha nao?"

"Nikikesha naumwa. Sitakesha."

"Sasa huyo msimamizi gani? Wenzake wana macho mekundu, yeye yuko kwake anakoroma?"

Springi alikuwa na jibu. Lilimjia lote kwa mpigo mmoja, linang'aa, na ndiyo maana akalitilia shaka. Muuguzi alikuwa amemwambia: wazo likija linakimbia, lilaze. Likiamka asubuhi na ukubwa ule ule, ni lako. Likiamka limevimba, njoo kliniki.

"Nitakujibu kesho asubuhi," alisema.

"Kesho? Mtu anaambiwa mkate wake unaondoka, anasema kesho?"

"Kesho, Tajiri."

Jioni hiyo hakupiga mluzi. Aliingia, akavua viatu, akamwamkia mama mkwe. "Marahaba," akajibiwa, na papo hapo mama mkwe akamkonyeza binti yake: haya, sasa anashuka.

"Mama Nukta, njoo uani."

Walisimama chini ya kamba ya nguo, sare za shule za Nukta zikidondosha maji katikati yao.

"Ulimpigia Kaka."

"Nilimpigia."

"Kaja kazini. Kasema habari za kamba mbele ya mafundi wote."

Mama Nukta akaziba mdomo. "Nilimwambia aje nyumbani."

"Kaka huwa anakwenda panapomjia."

"Tajiri kasemaje? Kwa hiyo hiyo karakana…"

"Ipo. Kaithibitisha mbele ya watu. Sasa sijui kama bado ni yangu."

Mama Nukta akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa kuinua masufuria yanayowashinda wanaume wawili, na hakuwa mwepesi wa kulia. Alilia sasa, bila sauti, akijifuta kwa ncha ya aproni.

"Wewe hukumbuki yote," alisema. "Mimi nakumbuka. Nilikukimbiza barabarani nikiwa miguu mitupu, majirani wamejipanga madirishani. Na wewe ulikuwa unacheka. Furaha yako ilikuwa kama ya jana, ile ile, hata keki ilikuwepo. Sasa mimi nitazitofautishaje?"

Springi alikuwa amekuja na hasira aliyoitunza tangu asubuhi, na aliona aibu kuikuta imepungua.

"Nikicheka mnasema napanda," alisema mwishowe. "Nikinyamaza mnasema nashuka. Sasa nikae wapi, Mama Nukta? Kwenye ngazi?"

Kicheko kilimponyoka mkewe katikati ya machozi, kikatokea puani.

"Nisikilize," Springi akasema, akichuchumaa mbele yake. "Uniulize mimi. Usimwulize Kaka, usikiulize kikopo. Kila jioni, mara moja: umepanda, umeshuka, au uko sawa? Nami nitakujibu kweli, hata kama kweli yenyewe inanivunjia heshima. Siku nikikuambia nimepanda sana, mpigie Kaka. Nitaingia garini kwa miguu yangu."

"Na ukinidanganya?"

"Unalala kando yangu. Usingizi huwezi kuuigiza usiku kucha."

Mama Nukta alimwangalia kama anayekagua mchele.

"Haya. Umepanda, umeshuka, au uko sawa?"

"Nimekasirika."

"Hilo halimo."

"Liongeze," Springi akasema.

Asubuhi wazo lilikuwa pale pale. Tena lilikuwa limepungua kidogo, likawa na uso wa kazi, na hilo lilimpendeza.

"Nipe viti vya ukumbi nivisimamie mimi," alimwambia Tajiri. "Jumamosi kabla ya adhuhuri viko ukumbini. Na hakuna atakayekesha, si mimi, si mwingine."

Tajiri alicheka mpaka akashika mbavu. Alipoona anacheka peke yake, akaacha. "Na ukishindwa?"

"Funguo mpe Mrefu. Mimi nitaendelea kupiga misumari hapa na sitanuna."

"Na posho ya kukesha? Watakuuliza hiyo kabla hujafunga mdomo."

"Wape ile ile. Wewe unalipia viti au unalipia macho mekundu?"

Tajiri alikuna kidevu. Hakuipenda hoja hiyo, kwa sababu hakuona pa kuikamatia. "Ukiniangusha mbele ya wale watu wa ukumbi, Springi, nitakuchukia," alisema, na hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Desturi ya karakana ile ilikuwa hivi: kila fundi huchukua kiti chake na kukishughulikia mwanzo mpaka mwisho, kuanzia kung'oa kitambaa cha zamani hadi kukaza mguu wa mwisho. Mchana walipiga soga. Walitengeneza chai, wakabishana kuhusu mpira, wakatafuta mkasi uliopotea. Hakuna aliyeona haraka, kwa sababu usiku upo. Usiku ulikuwa ndugu yao mwenye uwezo, kila deni la mchana walimsukumia yeye. Matokeo yake vitambaa vya alfajiri vilikaa upande, na Jumatatu vilirudi kurekebishwa.

Springi aliwapanga kwa mstari. Mrefu abomoe, maana alipenda kubomoa. Wawili wakaze fremu. Kijana wa gundi na sponji zake. Mmoja akate, wawili wavute kitambaa na kupiga pini, mwingine miguu. Kiti kiliingia upande huu kikiwa mzee na kikatoka upande ule kikiwa kijana. Kazi ilianza jua likiwa changa, chakula kililiwa wakati wa chakula, na jua likizama vifaa vinafutwa na mlango unafungwa.

"Tumekuwa wanafunzi," Mrefu alinung'unika siku ya kwanza. "Kengele tu ndiyo imekosekana."

"Nitaileta kesho," Springi akasema. Mafundi wakacheka, na Mrefu mwenyewe hakuweza kujizuia.

Mambo yaliharibika Jumatano. Marobota ya kitambaa yalipofunguliwa yalikuwa ya kijani. Ukumbi ulikuwa umeagiza rangi ya damu ya mzee. Muuzaji aliomba radhi kwa simu, akaapa kwamba kitambaa chenyewe kitafika Ijumaa asubuhi, akaapa tena ilipoonekana haaminiki.

Kwa mtindo wa zamani hapo kila fundi angekaa juu ya kiti chake akunje mikono, maana kiti hakisogei bila kitambaa. Springi alisimama katikati ya banda, mafundi wote wakimtazama kujua msimamizi mgonjwa atafanya nini.

"Tuendelee na yote yasiyohitaji kitambaa," alisema. "Bomoa, kaza, paka gundi, weka sponji, funga miguu. Kitambaa kikija, kikute kila kitu kinakingoja."

Kufikia Alhamisi jioni viti vya ukumbi mzima vilikuwa vimesimama na sponji zao za manjano, kama watu waliotoka kuoga wanaongoja nguo. Lakini kitambaa hakikufika Ijumaa asubuhi. Kilifika Ijumaa mchana. Mikono yote ikahamia kwenye kukata na kuvuta, hata Mrefu, hata Tajiri mwenyewe aliyekunja mikono ya shati. Jua lilipoanza kushuka, robo ya viti ilikuwa bado uchi.

"Basi," Mrefu akasema, akiweka birika la chai kwenye jiko. "Maneno yameisha. Leo tunakesha."

Hapa ndipo ilipokuwa vita yenyewe, na hakuna aliyeiona isipokuwa mmoja. Springi alikuwa ameanza kuisikia tangu mchana: ule wepesi vidoleni, ule utamu. Pini zilikuwa zikienda zenyewe. Aliona kabisa jinsi angeweza kumaliza viti vyote peke yake kabla ya mapambazuko, aimbe, amtengenezee hata Tajiri viti vya ofisini kama zawadi. Hakuwa na tone la uchovu. Na kwa sababu hakuwa na tone la uchovu, aliogopa.

Aliweka chini bunduki ya pini. "Tunafunga," alisema.

"Unatania."

"Vifaa vifutwe. Kesho alfajiri tuko hapa."

"Yaani sisi wote tulale kwa sababu ya ugonjwa wako?" Mrefu akauliza. Aliuliza kwa sauti, ili isikike.

Tajiri alikuwa mlangoni akisikiliza.

"Mimi nalala kwa sababu ya ugonjwa wangu," Springi akasema. "Wewe unalala kwa sababu mara ya mwisho ulipokesha ulijipigilia kidole kwenye mkono wa kochi, tukakung'oa kwa koleo huku unamwita mama yako."

Kijana wa gundi ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata. Mrefu alikitazama kidole chake chenye kovu. Kisha akaliepua birika, kwa hasira, lakini akaliepua.

Mama Nukta alikuwa akimngoja mlangoni. Aliona macho yake yakimetameta, akaona jinsi asivyoweza kutuliza mikono, akauliza swali lao kama alivyouliza kila jioni ya wiki hiyo.

"Umepanda, umeshuka, au uko sawa?"

Kusema sawa kungekuwa rahisi sana. Kazi ilikuwa hatua moja tu mbele.

"Nimepanda," Springi akasema. "Kidogo. Tangu mchana."

Mama mkwe alishika kifua. Mama Nukta aliitazama simu yake juu ya meza, na naapa mkono wake ulisogea. Kisha akaiacha pale pale.

"Kidogo cha kumpigia Kaka?"

"Hapana. Cha kunisaidia."

"Haya. Viti visitajwe humu ndani mpaka kesho. Nukta, zima redio. Mama, tafadhali usimwulize kitu chochote. Tukatembee, Baba Nukta."

Waliuzunguka uwanja wa mpira pamoja, kwa mwendo wa mke, ambao ni wa polepole. Hawakuzungumza la maana. Mama Nukta alimsimulia jinsi mwalimu mkuu alivyoonja chumvi akidhani sukari. Nyumbani taa zilikuwa zimepunguzwa, Nukta akitembea kwa vidole, maji ya kuoga ya vuguvugu. Springi alikula bila hamu, akameza kidonge chake, saa tatu akajilaza. Usingizi ulikataa kuja mapema. Alilala akiwa amefumba macho, mkono wa mkewe mgongoni, akiyaacha mawazo yapite kama magari ya watu wengine. Lakini usingizi ulikuja. Mama Nukta alipousikia mkoromo wa kwanza alishukuru Mungu kwa kelele ile mbaya, akalala yeye pia.

Asubuhi Springi aliamka akiwa mzito kidogo, mikono imetulia, na viti vilivyobaki vilikuwa viti tu. Si vingi, si vichache.

Mafundi walifika na nyuso zilizooshwa. Hakuna aliyezoea kuwaona hivyo siku ya kukabidhi. Mrefu alivuta kitambaa kikanyooka mara ya kwanza, akakitazama kwa mashaka, akavuta kingine kikanyooka. "Sikujua macho yangu bado yanaona hivi," alisema, na hayo ndiyo maneno ya radhi aliyoyatoa. Springi aliyapokea.

Gari la kubebea viti lilikuwa tatizo mpaka pikapu ilipoingia kinyumenyume. Kaka Mkubwa alishuka, akasimama mbele ya mdogo wake, kofia mkononi.

"Shemeji kaniambia mnakabidhi leo," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alijaribu kusema kwa sauti ndogo. "Nimekuja kubeba. Bure. Usinilipe, nitajisikia vibaya."

"Panga vizuri basi, usivikwaruze," Springi akasema. Kaka Mkubwa akapanga viti, safari baada ya safari, kama anapanga mayai.

Kabla ya adhuhuri ukumbi ulikuwa umejaa, safu kwa safu, damu ya mzee kutoka jukwaani hadi mlango wa nyuma. Bibi meneja wa ukumbi alipita na miwani yake akivuta pindo za vitambaa, akikalia hiki, akikitikisa kile. Alikwenda safu zote. Mafundi walisimama ukutani roho juu.

"Mara zote mkileta kazi hapa naandika vya kurudishwa," alisema. "Leo kalamu yangu haina kazi. Mmebadilisha nini?"

Tajiri alifungua mdomo. Angeweza kusema lolote, kazi ilikuwa na jina lake.

"Nimebadilisha msimamizi," alisema. "Ni yule pale."

Akavuka ukumbi mbele ya watu wote, akatoa mfukoni funguo za karakana ya nyuma ya soko, akaziweka kwenye kiganja cha Springi. Springi alizikunja mkononi. Aliitikia kwa kichwa tu, machozi yakimtoka mbele ya Mrefu na wote, na hakuyafuta. Mafundi walipiga makofi, ukumbi mtupu ukayarudisha maradufu.

Jioni nyumba ilifurika. Mafundi walikuja, Tajiri alikuja na kreti za soda, majirani walikuja kwa sababu walisikia kelele. Kaka Mkubwa alileta spika kubwa garini. Mama mkwe, aliyekuwa amewaambia majirani wote kwamba yeye hakuwahi kuwa na shaka, aligawa vyakula akiongoza watu kama askari wa barabarani. Na Springi alicheka. Alicheka kwa sauti yake yote, akicheza katikati ya sebule na Nukta, shati limemlowa, na Mama Nukta alimtazama akicheka akaona ni mume wake anacheka, basi.

Sherehe ilikuwa ndiyo kwanza inapamba moto Springi alipoitazama saa ya ukutani. Akaiachia mikono ya binti yake.

"Jamani, nawashukuru sana," alisema. "Mimi nakwenda kulala."

Wageni walipiga kelele za kukataa. "Sherehe yako mwenyewe?" Tajiri akauliza. "Leo tu, Springi. Siku moja haiui mtu."

Springi alisita, maana hakupenda kumkatalia Tajiri siku hiyo. Lakini Mama Nukta alikuwa ameshasimama katikati yao, mabega ya kuinulia masufuria yakiwa yameziba njia.

"Mwenye sherehe analala," alisema. "Sisi wengine tutamchezea sehemu yake."

Springi aliaga kwa mkono, akameza kidonge chake, akafunga mlango wa chumba. Muziki ukaendelea, lakini watu walikuwa wanacheza nusu nusu, masikio yamegeukia mlango ule. Haukupita muda ukasikika mkoromo, mzito, wa kujiamini, ukipita juu ya muziki.

Mrefu aliangua kicheko, naye Mama Nukta akaweka kidole midomoni. Tajiri aliinuka kutoka kitini, akaenda mpaka kwenye spika, akaiinamia akitafuta kitufe.

"Punguzeni sauti," aliwaambia mafundi. "Msimamizi yuko kazini."